Polishi si kinga: Fielder yangu nyeusi na chumvi ya Malindi

Wenye gari nyeusi huku Malindi mwanielewa. Mie Fielder yangu inalala nje, upande wa Casuarina, bahari iko hapo tu, na kusi likivuma asubuhi naikuta boneti ina utando wa chumvi, ukipitisha kidole kinakwama, na hapo sijataja kunguru wa kwenye mkungu.

Mwaka mzima nimelipa vijana fulani wa kuosha gari wanipigie polishi kila mwezi, inang'aa siku tatu, wiki ya pili maji yamelala tu juu ya boneti, dalili ya kwamba rangi haina kinga. Nikawalaumu, kumbe hata mie sikuwa najua. Polishi kazi yake kusugua, inakula klia, ule utando angavu wa juu ya rangi, kidogo ndio mikwaruzo ipotee, na klia yenyewe ni nyembamba kuliko unywele, sasa ukiila kila mwezi itabaki nini? Kinachokinga ni kile kinachopakwa baadaye, silanti (dawa ya kiwandani inayoshika kwenye rangi) ama waksi (nta), na hicho sikuwahi kupakiwa hata siku moja. Gari ilikuwa yavuliwa nguo halafu inaachwa juani hivyo hivyo.

Mwezi wa tatu, kabla ya masika, nikafanya mwenyewe chini ya makuti, manake bodi ikiwa moto dawa inakukaukia hujaipangusa. Nikaosha na sabuni ya vyombo, mara hiyo moja tu kwa sababu inatoa waksi kuukuu, siku za kawaida tumia shampuu ya gari. Kisha klei, ule udongo laini wa kunasa uchafu ulioganda kwenye rangi. Klei nilikuwa naidharau wallahi. Chukua ile nailoni ya kufungia mkate, vaa mkononi, pitisha juu ya boneti iliyokwisha oshwa, utasikia vipele kama ngozi ya mtoto mwenye harara. Nikateleza klei na maji ya sabuni mpaka vikaisha, ile klei ikageuka rangi ya chai.

Polishi nikapiga kidogo, boneti na milango basi. Halafu silanti, nikaiacha ilale, kesho yake juu yake nikapaka waksi ya Collinite 845. Hii ni ya Marekani na ilianza kama dawa ya vile vikombe vya kushikia nyaya kwenye nguzo za stima, nikasema kama vikombe vyastahimili, Fielder ni nini. Bei si ya mchezo na ilibidi niagizie Mombasa, ila paka kidogo sana, mie boneti niliijaza nikapangusa mpaka bega likauma. Na iepushe na plastiki nyeusi za bampa, inaacha weupe, nilitoa kwa mswaki.

Mlango wa nyuma ndio nilioharibu. Nilianza na waksi ndipo nikatia silanti, na silanti yataka kushika rangi yenyewe, ikikuta mafuta ya waksi haina pa kushika. Ikabaki michirizi.

Sasa miezi miwili, mvua imetupiga haswa. Boneti maji yanasimama shanga shanga, ukiendesha yanakimbia yenyewe, chumvi inatoka na maji matupu. Mavi ya kunguru ukiyawahi asubuhi yatoka kwa kitambaa chenye maji, ukingoja adhuhuri alama inabaki, hapo waksi haikusaidii. Mlango wa nyuma maji yamelala kama zamani, huo nitauvua wote nianze upya Jumamosi, chupa bado ina zaidi ya nusu.