Jeli za homoni za pampu: Oestrogel ya mama, Testogel ya baba

Zote mbili zinatoka kiwanda cha Besins, zote ni jeli angavu yenye harufu ya spiriti, na pampu zote hutoa gramu 1.25 kwa kila bonyezo. Kilichomo ndani ni vitu viwili tofauti kabisa. Bonyezo moja la Oestrogel lina miligramu 0.75 za estradioli, homoni ya kike iliyo aina ya estrojeni. Bonyezo moja la Testogel ya 16.2 mg/g lina miligramu 20.25 za testosteroni, homoni ya kiume. Mama akijipaka chupa ya baba kwa muda mrefu mfululizo, anaweza kuota ndevu na sauti kuwa nzito, na sauti ikishazama huenda isirudi. Chupa hizi zisikae rafu moja.

Tuanze na Oestrogel, dawa ya dalili za kukoma hedhi, ambayo kwa maoni yetu ndiyo bora kati ya hizi mbili. Dozi ya kawaida ya kuanzia ni mabonyezo mawili kwa siku, na kikomo ni manne. Uzuri wa pampu ni huo hasa: daktari akitaka kupunguza au kuongeza, ni suala la bonyezo moja tu. Hubadilishi dawa wala hukati plasta ya homoni kwa mkasi. Tena kwa jasho la pwani, plasta hubanduka pembeni kabla ya siku zake kwisha. Mwenye usahaulifu, hata hivyo, plasta inayobadilishwa mara mbili kwa wiki itamfaa zaidi.

Ukifungua chupa mpya, bonyezo la kwanza litupe, kwani kipimo chake si cha kuaminika. Kwa Testogel tupa matatu. Tandaza Oestrogel kwenye mkono wa juu na bega, au upande wa ndani wa paja, eneo pana, bila kusugua. Matiti na sehemu za siri hazipakwi. Acha ikauke dakika 5, nawa mikono, kisha ngoja saa nzima kabla ya kuoga au kupaka losheni. Wengi wanaolalamika kwamba “haifanyi kazi” hukosea hapa: wamejipaka mafuta ya nazi kwanza, au wameoga robo saa baadaye. Anayetawadha asiwe na wasiwasi, maana maji ya udhu huishia kwenye viwiko. Jeli ikiwa begani au pajani haiguswi. Ila spiriti hushika moto. Kabla haijakauka usiinamie jiko, na kujifukiza udi kungoje.

Kasoro kubwa ya chupa hii ni kwamba huoni kilichobaki ndani. Inatoa vipimo 64, yaani siku 32 kwa anayetumia viwili, kisha pampu huendelea kutema kidogo kidogo, nawe unadhani umepata dozi kamili. Joto la mwili la kukoma hedhi likirudi ghafla mwishoni mwa mwezi, hesabu siku kabla ya kulaumu dawa. Iandike tarehe ya kuanza kwenye chupa yenyewe.

Sasa jambo ambalo wauzaji wengine hulipita haraka: mwenye mfuko wa uzazi hatumii estrojeni peke yake. Ukuta wa mfuko hukua bila kizuizi, na miaka ikipita unaweza kugeuka saratani. Mwenza wa kawaida wa jeli hii ni Utrogestan, yaani projesteroni, homoni inayozuia ukuta huo usikue: vidonge viwili vya miligramu 100 usiku kwa siku 12 za kila mzunguko kwa ambaye hedhi haijakoma sawasawa, au kimoja kila usiku kwa aliyekwisha kukoma. Kimeze ukiwa tayari kitandani na tumbo likiwa tupu. Kikimezwa pamoja na chakula huingia kwa wingi mwilini, na kizunguzungu chake si cha mchezo. Madoa ya damu miezi ya mwanzo ni kawaida. Yakiendelea baada ya miezi 6, au yakianza upya baada ya kutulia, ni safari ya ultrasaundi.

Hofu nyingi juu ya tiba hii zimetokana na utafiti wa WHI wa Marekani, uliositishwa mwaka 2002. Waliochunguzwa walikuwa na wastani wa miaka 63 na walimeza vidonge vya estrojeni ya mkojo wa farasi pamoja na medroksiprogesteroni, projesteroni ya kutengenezwa. Saratani ya matiti iliongezeka kwa wanawake 8 katika kila 10,000 kwa mwaka. Jeli haipiti kwanza kwenye ini kama kidonge, ndiyo maana tafiti za ufuatiliaji hazijaonyesha ongezeko la damu kuganda kwa dozi za kawaida. Hatari ya matiti haijafutika, hasa kwa miaka mingi ya matumizi. Aliyewahi kuugua saratani hiyo, au anayetokwa damu isiyojulikana chanzo, hii si dawa yake. Na anayemeza rifampisini ya kifua kikuu amwambie daktari, kwa sababu huondoa homoni hizi mwilini upesi.

Testogel tunaipa alama za chini, na kosa si la jeli. Inauzwa kama dawa ya uzee, nayo si hivyo. Anayestahili ni mwenye dalili za upungufu wa testosteroni na vipimo viwili vya homoni hiyo vya asubuhi, kabla ya saa nne, vilivyo chini ya 300 ng/dL. Anayetaka mtoto bado aiache: testosteroni ya nje huzima utengenezaji wa mbegu. Utafiti wa TRAVERSE wa 2023, wenye wanaume zaidi ya 5,200, haukuona shambulio la moyo wala kiharusi kuzidi, lakini mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio na damu kuganda kwenye mapafu vilizidi. Kwa hiyo hematokriti (sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu) na PSA, kipimo cha damu cha tezi dume, hupimwa kabla na baada. Hematokriti ikipita asilimia 54, dawa husimama.

Tatizo lake la kila siku ni ngozi kwa ngozi. Mwaka 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliagiza onyo kali baada ya watoto wadogo kuonyesha dalili za balehe kwa kuguswa na wanaume waliojipaka. Vaa fulana ya mikono, si singlendi, na osha mabega kwa sabuni kabla ya kumbeba mjukuu. Siku ya kipimo, damu itolewe mkono usiopakwa, la sivyo majibu yatapanda uongo na dozi itapunguzwa bure.

Dukani, angalia kama chupa ilikaa penye kivuli. Oestrogel haitakiwi kuzidi nyuzi 25. Na ukipiga hesabu ya mwezi, kumbuka Utrogestan ni bei nyingine juu yake.