Uchambuzi wa Jibini Ngumu: Namna ya Kutambua Iliyoharibika Ndani ya Friji

Watazamaji wapendwa, karibuni. Mezani nimeweka vipande vitatu vya jibini ngumu vilivyokaa ndani ya friji baada ya kufunguliwa, yaani cheddar, gouda yenye ganda la nta na Parmigiano Reggiano, pamoja na pakiti ya cheddar iliyokunwa tayari. Jibini ni bidhaa ghali, na inanisikitisha kuona kipande kizima kikitupwa kwa sababu ya doa moja. Inanisikitisha zaidi kuona mtu akila kilichokwisha kuharibika kwa sababu tu anaionea uchungu fedha yake.

Tuanze na cheddar. Naomba mtazame upande huu uliokatwa: kuna utando mweupe, kama vumbi la chokaa, na wengi wakiuona husema jibini imeota ukungu. Napitisha kidole juu yake, nao unakwaruza kama chembe za chumvi, hauna manyoya na wala hauchafui kidole. Hizo ni fuwele za kalsiamu laktati, yaani chumvi ya kalsiamu na asidi ya maziwa, ambazo hujitokeza juu ya cheddar inapoendelea kukomaa, na hazina madhara. Ndani ya Parmigiano Reggiano, ambayo kwa kanuni zake ni lazima ikomazwe kwa muda usiopungua miezi 12, mnaona vinukta vyeupe vinavyovunjika chini ya meno. Aghalabu hivyo ni fuwele za tirosini, mojawapo ya asidi amino zinazounda protini, na mimi nikiviona huipa jibini hiyo alama ya juu.

Sasa gouda. Hapa pembeni, mahali nta ilipobanduka, pana doa la kijani lenye manyoya mafupi, na huu ndio ukungu wenyewe. Tafadhali msiusogeze puani, kwa maana chembe zake zikivutwa huweza kumsumbua mwenye pumu au mzio. Kwa kuwa jibini ngumu ina maji kidogo, tena ina chumvi na asidi, nyuzi za ukungu hazipenyi mbali kwa urahisi. Ndiyo sababu Wizara ya Kilimo ya Marekani inaelekeza kukata angalau sentimita 2.5 kuzunguka doa na kwenda chini yake, bila kisu kugusa ukungu. Tazameni ninavyoingiza kisu mbali na doa, nikashuka wima, nikaondoa kipande kizima kwa pamoja. Hapa ndipo wengi wanapokosea: hukwangua kijani kwa ncha ya kisu, kisha kwa kisu hicho hicho wakaendelea kukata vipande vya kuliwa, na hivyo wakausambaza ukungu kila mahali. Hata karatasi ya zamani haifai kurudishiwa. Jibini ifungwe kwa karatasi safi.

Sehemu iliyobaki ndiyo ninayoinusa. Gouda njema hunukia maziwa, siagi na kwa mbali karanga. Harufu ikichoma pua kama amonia, au ikiwa kama ya mafuta yaliyochacha, jibini imekwisha. Vivyo hivyo ikiwa na utelezi juu yake, au ukungu ukiwa umetapakaa pande zote kiasi kwamba hakuna pa kukata, au pakiti isiyo na hewa ikiwa imevimba kwa gesi kabla ya kufunguliwa. Kingo zilizokauka na kupasuka, kwa upande mwingine, si uharibifu. Zikune uzitie kwenye mchuzi wa pasta.

Pakiti hii iliyokunwa ina doa dogo tu, dogo kuliko la gouda, nami naitupa yote. Vipande vidogo vimegusana na kuchanganyika, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema ukungu umeishia wapi. Msimamo huo huo naushikilia kwa jibini laini, na kwa jibini yoyote yenye ukungu usiotarajiwa ikiwa mlaji ni mjamzito au ana kinga dhaifu ya mwili: kwao sipendekezi kukata na kubakiza.

Kuhusu hifadhi, friji iwe kwenye nyuzijoto 4 za Selsiasi au chini yake, na jibini izungushiwe karatasi ya kuokea kabla ya kutiwa ndani ya chombo chenye kifuniko, kwani plastiki ikiibana moja kwa moja huzuia unyevu kutoka na kuukaribisha ukungu. Kwa utaratibu huo, cheddar iliyofunguliwa hudumu wiki 3 hadi 4. Umeme ukikatika, msifungue friji ovyo, kwa kuwa ikibaki imefungwa huhifadhi ubaridi kwa takriban saa 4. Ukichelewa zaidi, vipande kama hivi vitatu bado vinaweza kubakizwa, lakini jibini iliyokunwa na jibini laini zilizokaa juu ya nyuzijoto 4 kwa zaidi ya saa 2 zitupwe, hata kama hazijabadilika rangi wala harufu.