Kijana ameanza kunywa pombe: kikao cha shule au mshauri nyumbani?

Hapa Tabora Mjini mzazi ana njia mbili: kikao cha wazazi shuleni, au kukaa nyumbani na kijana pamoja na mshauri, awe mhudumu wa afya ya jamii au ofisa ustawi wa jamii.

Kikao hakigharimu kitu na kinafikia wengi kwa mkupuo. Wazazi wa mtaa mmoja Isevya wakikubaliana kwamba mtoto hatumwi tena kununua wanzuki wala gongo, mwenye kilabu naye anabanwa, maana sheria hairuhusu kumuuzia aliye chini ya miaka 18. Ila kijana mwenyewe hayupo, na mzazi mlevi, tunayemhitaji kuliko wote, haji.

Nyumbani kazi ni ngumu zaidi, na ndiko ninakoegemea. Mshauri anamwonyesha baba namna ya kuuliza, “Jana ulikuwa na nani, mwanangu? Mlikunywa nini?” kisha anyamaze asikilize, badala ya kufoka. Wanapatana saa ya kurudi na adhabu inayotekelezeka. Hapo pia linaibuka lile la “onja kidogo” la kwenye harusi. Tafiti zilizofuatilia vijana kwa miaka zimeonyesha kuwa wanaopewa pombe na wazazi huelekea kunywa zaidi. Kikaoni nani atalikiri hilo mbele ya majirani?

Tatizo washauri ni wachache. Kama yupo mmoja tu, aitishe kikao kwanza, aangalie wazazi wanaobaki nyuma kuuliza maswali, aanzie nyumbani kwao.