Gabioni za waya kwa kingo za Themi na Naura: bidhaa nzuri, ikifungwa sawasawa

Kwa kingo za mito ya Arusha, gabioni, yaani kreti la waya linalojazwa mawe, ya mita 2 kwa 1 kwa 1, waya wa milimita 2.7 wenye zinki na matundu ya sentimita 8 kwa 10, tunaipendekeza kuliko ukuta wa zege. Udongo ukititia, hujipinda bila kupasuka, na maji ya nyuma yake hupenya.

Kreti moja humeza mita 2 za ujazo za mawe. Chagua meusi mazito ya sentimita 10 hadi 20. Yale mepesi yenye vitundu, ambayo huku hayakosekani, hayana uzito wa kushindana na maji ya masika. Yapangwe kwa mkono, yasimwagwe. Kila theluthi ya kimo, unganisha uso wa mbele na wa nyuma kwa waya, la sivyo kreti litatoa kitambi.

Udhaifu wake uko mguuni: mto huchimba chini, safu nzima ikainama. Zamisha kreti za kwanza chini ya usawa wa sakafu ya mto, na nyuma weka kitambaa cha kuchuja ili udongo usitoroke.

Zinki ikichubuka, kutu huingia upesi. Kagua baada ya kila mafuriko. Palipokatika pashonwe siku hiyohiyo.