Hita ya gesi inayodondosha maji kwenye bomba la moshi: uzoefu wangu

Nilinunua hita ya gesi ya maji ya kuoga kwa sababu tokeni za stima zilikuwa haziniingii tena akilini. Shawa ya umeme ni tamu, lakini kwetu tuko watu watano na wote wanataka kuoga kabla ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Hii niliyochukua ni ya lita 10 kwa dakika, ina feni ndani ya kusukuma moshi, na bomba la moshi linatoboa ukuta kwenda nje. Nilitoa shilingi 14,500 katika duka moja mjini, na 2,000 za kufungiwa na fundi walionipa wenyewe. Imefungwa sehemu ya kufulia nyuma ya jikoni. Bafuni nilikataa katakata: gesi isipoungua vizuri hutoa kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu, na mtu hudhani ni usingizi tu umemshika.

Kwa kazi yake, hita sina neno. Maji yanapata moto haraka, na anayeoga wa mwisho anapata sawa na wa kwanza. Tatizo lilianza Julai, na huku Dagoretti, Nairobi, baridi ya Julai si mchezo. Bomba la moshi likaanza kudondosha maji ndani ya nyumba.

Yalikuwa yanatokea kwenye elbo, pale bomba linapokunja juu ya hita. Ule utepe wa alumini uliozungushiwa kiungo ulikuwa umevimba na kuachia. Tone lilijikusanya kwenye pengo, likaning'inia, likaangukia kifuniko cha hita. Kwenye rangi nyeupe ya kifuniko palikuwa pameshachorwa mchirizi wa kijani chenye ubluu, kama ule unaoota kwenye waya wa shaba uliolala nje.

Fundi wa duka alikuja, akautazama ule mchirizi, akasema koili ya shaba ndani, ile maji yanamopita yakipata moto, imetoboka na mpya ni 6,000. Hakufungua hata skrubu moja. Nikamwambia asubiri kwanza.

Mtandaoni nako karibu kila maelezo niliyopata yalihusu matanuru ya kupasha nyumba joto Marekani na Kanada, yale yanayokaa chini ya nyumba. Mengine ya kisasa yana bomba la plastiki, kwa sababu moshi wake umenyonywa joto hadi hauwezi kuyeyusha plastiki, na bomba hilo huinamishwa kurudi kwenye mashine ili maji yaingie kwenye mfereji wake maalumu. Kwa tanuru la aina hiyo ni sawa kabisa. Hita yangu haina mfereji wa namna hiyo. Ukiiga huo mwelekeo hapa, unayamwaga maji juu ya koili yako mwenyewe.

Jirani ndiye aliyenipa namba ya fundi wa pili, mzee anayetengeneza boila za hoteli. Alichelewa karibu nusu siku, hilo niliseme. Ila alipofika hakugusa spana. Alifunga gesi kwanza, akafungulia maji yapite ndani ya hita bila moto, akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa na kuomba chai. Chai ikaisha, elbo bado kavu.

"Mama, koili ikitoboka inavuja hata moto ukiwa haujawaka, kwa sababu maji yana presha," akasema. "Hii ni nzima."

Kisha akawasha. Haukupita muda, matone yakaanza. Bomba lilipopata moto kiasi cha kutoshikika, yakapungua. Mvua haikuwepo wiki hiyo, wingu tu, kwa hiyo hayakuwa yakiingia kutoka nje pia.

Maji yale yanatoka kwenye moto wenyewe. Gesi ya mtungi ni propani na butani, na zote zina haidrojeni. Ikiungua inashikana na oksijeni na kuwa mvuke. Kilo moja ya gesi huzaa takriban kilo moja na nusu ya maji. Piga hesabu: mtungi wa kilo 13 ukiisha, umetoa kama lita 20, yaani jerikeni nzima imepita kwenye bomba na hukuiona. Moshi ukiwa moto, mvuke hutoka nao. Ukigusa bati baridi na kushuka kwenye takriban nyuzi 50, unageuka matone. Na hayo matone yana asidi kidogo, ndiyo maana yanakula shaba na kuacha ule ukijani.

Basi kudondoka kwenyewe si ugonjwa. Swali ni maji yanaelekea wapi. Mzee akaweka pimamaji juu ya bomba na kuniita nione: povu lilikuwa limekimbilia upande wa nje. Bomba lilikuwa linapanda kuelekea ukutani, kwa hiyo kila tone lilirudi ndani. Nilipompigia fundi wa duka alisema moshi hupanda, ndiyo maana alilipandisha. Kwa hita isiyo na feni, ile ya bomba la kwenda juu wima, angekuwa na hoja. Hii ina feni, na bomba lake la kulala linatakiwa liiname kidogo kuelekea nje.

Juu ya hayo lilikuwa refu bila sababu, limezungushwa nusu ya chumba ili mdomo wake usionekane kutoka barabarani. Urembo huo ndio uliokuwa unaupoza moshi.

Mzee alitoboa tundu jipya karibu na hita, mbali na dirisha la chumba cha kulala, akafupisha bomba, akaliinamisha kama sentimita mbili kwa kila mita. Viungo akavifunga kwa silikoni inayovumilia joto. Akachungulia moto: bluu, hauna umanjano, na mdomo wa bomba hauna masizi. Nililipa 3,500 pamoja na bomba na kuziba tundu la zamani.

Hita naipa nyota nne. Ya tano imeliwa na kitabu cha maelekezo, ambacho kinaonyesha bomba kwa mchoro mdogo kuliko stempu na hakisemi neno kuhusu mwinamo. Ufungaji wa duka, nyota moja, na hiyo ni kwa sababu kiungo cha gesi hakikuvuja. Mzee wa boila nampa tano, lakini ukimwita saa tatu, panga shughuli zako mpaka saa tisa.