Uzoefu wangu na sanduku gumu la gitaa baada ya miezi 14 ya safari

Ninaishi kwa kupiga gitaa. Ninapanda jukwaani mara tatu au nne kwa wiki, na katika miezi 14 iliyopita nimesafiri kwa ndege mara 22 nikiwa na gitaa langu la akustika ndani ya sanduku ninalolieleza hapa. Ni sanduku la plastiki nzito, lenye mkanda wa mpira kuzunguka ukingo wa kifuniko, komeo tano na magurudumu mawili. Nililinunua kwa sababu sanduku langu la kwanza, ambalo nalo liliuzwa kwa jina la sanduku gumu, liliniachia gitaa lililovunjika.

Nianze na tukio hilo, kwa kuwa ndilo lililonifundisha cha kutazama. Nililipokea sanduku uwanja wa ndege likiwa halina hata mkwaruzo, nikaenda moja kwa moja ukumbini. Nilipolifungua nyuma ya jukwaa nilikuta nyuzi zote sita zimelegea kwa pamoja, na kichwa cha gitaa kimekunjika kuelekea mbele, kinashikiliwa na ule ubao mwembamba uliobandikwa usoni pake. Zilikuwa zimebaki saa mbili onyesho lianze. Mwenzangu aliniazima gitaa lake, nami nikapiga usiku mzima kwenye shingo ambayo vidole vyangu havikuizoea, mawazo yote yakiwa kwenye sanduku lile.

Fundi aliyeliunga alinionyesha kwamba mahali lilipovunjika ndipo magitaa mengi huvunjika: nyuma ya shingo, pale inapokutana na kichwa. Kichwa huchongwa kikiinamia nyuma, na kama shingo nzima imetoka katika kipande kimoja cha mbao, nyuzi za mti hupita hapo zikiwa zimekatwa fupi. Isitoshe, mara nyingi ndipo mbao huchimbwa ili kupitisha chuma cha kunyooshea shingo. Nyuzi za chuma za gitaa kama langu, kwa pamoja, huvuta kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 70, na mvuto huo wote huishia kichwani. Sanduku likianguka na kutua ghafla, kichwa chenye funguo sita za chuma za kukazia nyuzi hutaka kuendelea na mwendo, na sehemu dhaifu kuliko zote ndiyo inayopokea pigo. Ganda la nje linaweza kubaki salama kabisa. Sanduku langu la zamani lilikuwa na sponji tele kuzunguka tumbo la gitaa, lakini shingo ilielea hewani na ncha ya kichwa iligusa ukuta.

Hapo ndipo sanduku hili jipya lilipostahili kila senti niliyolipa. Ndani yake kuna mto wa sponji ngumu unaoikumbatia shingo kuanzia karibu na tumbo hadi chini kidogo ya kichwa, na kichwa chenyewe kina nafasi pande zote. Nikipitisha vidole viwili nyuma yake, havibanwi. Upande mmoja wa tumbo palikuwa na pengo la unene wa kidole, nami nikalijaza kwa kitambaa cha pamba kilichokunjwa, kwa maana ala inayocheza ndani ya sanduku hujigonga yenyewe. Kabla ya kila ndege bado ninalegeza nyuzi hadi sauti yake ishuke kwa toni mbili nzima. Wako wanaoona si lazima, lakini mimi sitaacha.

Mkanda wa mpira umenisaidia kuliko nilivyotarajia. Gitaa la mbao halisi, lisilo la mbao za matabaka yaliyobandikwa, hupenda unyevu wa hewa wa kati ya asilimia 45 na 55. Hewa ikiwa kavu sana ubao wa juu hunywea na hatimaye kupasuka. Nimeweka kipimo kidogo cha unyevu pamoja na pakiti za kudhibiti unyevu zilizotengenezwa kushikilia asilimia 49. Katika chumba kimoja chenye kiyoyozi kipimo kingine nilichoacha mezani kilisoma asilimia 29, na cha ndani ya sanduku kilisoma 47. Ila mpira huo hauchagui: ukiliweka gitaa likiwa limelowa jasho la onyesho, unyevu nao unafungiwa humo. Lifute kwanza, uliache lipumue kidogo, ndipo ufunge.

Kuhusu joto, sanduku hili halisaidii, na rangi yake nyeusi inaongeza tatizo. Ndani ya gari lililoegeshwa juani joto huweza kupita nyuzi joto 60 za Selsiasi, kiwango ambacho gundi nyingi za mbao huanza kulainika na daraja la gitaa, kile kipande kinachoshikilia nyuzi juu ya tumbo, kuanza kunyanyuka. Ningefurahi sana kama mtengenezaji angetoa rangi nyeupe.

Uzito nao ni mzigo wa kweli. Sanduku tupu lina kilo 6, gitaa lenyewe halizidi kilo 2 na nusu, na kwa ukubwa wake haliingii kwenye kabati za juu ya viti. Kwa hiyo anayelinunua ajue kwamba amechagua kulikabidhi gitaa kwa wapakia mizigo. Mwenye begi laini anaweza kubahatika kuingia nalo ndani, kwani hata Marekani, ambako sheria ya mwaka 2012 inayataka mashirika ya ndege kukubali ala ndogo kama mzigo wa mkononi, sharti ni nafasi iwepo wakati abiria anapopanda. Mimi nimechoka kusimama kwenye mstari nikiomba nafasi. Anayepiga karibu na kwake na kusafiri kwa gari hana haja na sanduku hili. Begi laini lenye mto wa shingo litamtosha, na mgongo wake utapumzika.

Komeo moja kati ya zile tano lilipinda katika safari ya 17, pamoja na kona moja ya ganda iliyobonyea, ila gitaa lilihitaji tu kukazwa nyuzi. Muuzaji amenitumia komeo jingine bila malipo, nami nimelifunga mwenyewe kwa skrubu mbili.