Mapitio: Chumba cha Kutazamia Samaki cha Taylor Creek, Ziwa Tahoe

Kwa anayetaka kuelewa jinsi samaki wanavyotunzwa ndani ya msitu wa umma, ni vigumu kupata mahali panapofundisha mengi kwa muda mfupi kuliko kituo cha wageni cha Taylor Creek, kusini mwa Ziwa Tahoe, jimboni California. Kituo hicho kinaendeshwa na Idara ya Misitu ya Marekani, ambayo inasimamia takriban robo tatu ya ardhi inayolizunguka ziwa, na kivutio chake kikuu ni chumba kilichojengwa kando ya kijito, chini ya usawa wa maji, chenye ukuta wa kioo unaomwezesha mgeni kuyaona maji kwa ubavu, kuanzia changarawe za chini hadi juu. Sikutozwa kiingilio, na kijia cha kufika hapo ni kifupi na tambarare, hivyo hata mzee au mtoto mdogo hatachoka.

Wakati wa kwenda ni Oktoba, samoni aina ya kokanee wanapopanda kutoka ziwani kuja kutaga. Kokanee ni samoni anayeishi maisha yake yote kwenye maji baridi bila kwenda baharini. Akiwa ziwani ana rangi ya fedha, lakini msimu wa kutaga ukifika mwili wake hugeuka mwekundu, na dume huota nundu na mdomo uliopinda. Nilimwona jike akilala ubavu na kuichapa changarawe kwa mkia hadi tope likatifuka mbele ya kioo, kisha akarudi na kushusha mapezi yake shimoni kana kwamba anapima kina. Nyuma yake dume alikuwa akiwauma madume wengine waliothubutu kusogea. Baadhi yao mapezi yalikuwa yamechakaa na ngozi kuota ukungu mweupe, kwa kuwa wote hufa baada ya kutaga, na mizoga yao huwa chakula cha dubu, ndege na wadudu wa kijitoni.

Tukio hilo linavutia mno, na hapo ndipo mgeni anapotakiwa kuwa mwangalifu, kwa sababu samaki anayeshangiliwa si mwenyeji. Kokanee aliletwa Tahoe mwaka 1944. Mwenyeji halisi ni trauti wa Lahontan, samaki wa jamii ya samoni, ambaye katika Ziwa Pyramid, linalopokea maji ya Tahoe kupitia Mto Truckee, aliwahi kuvuliwa mmoja mwenye uzito wa zaidi ya kilo 18 mnamo 1925. Ndani ya Tahoe kwenyewe alikuwa ametoweka kufikia mwisho wa miaka ya 1930. Misitu ilikuwa imekatwa ili kupata mbao za migodi ya madini ya fedha ya Virginia City, katika jimbo jirani la Nevada, mabwawa yakaziba njia za kutagia, wavuvi wa biashara wakavua bila kiasi, na trauti wageni waliopandikizwa wakamla, wakashindana naye au wakazaliana naye. Msomaji wa Mwanza au Kisumu, anayejua jinsi furu, samaki wadogo wenyeji wa Ziwa Victoria, walivyoliwa na kupungua baada ya sangara kuingizwa katika miaka ya 1950, hatahitaji kuelezwa zaidi. Tamasha la samaki la kila mwaka kituoni hapo lilikuwa likiitwa kwa jina la kokanee. Sasa linaitwa tu tamasha la samaki wa majira ya vuli, badiliko ambalo naliona la haki.

Kilichonipa faida kubwa kuliko samaki wenyewe ni kuitazama changarawe. Mayai yaliyofukiwa humo huishi kwa hewa inayoletwa na maji yanayopenya kati ya mawe, na udongo laini ukishuka kutoka kwenye barabara mbovu au mlima uliokatwa miti, matundu hayo huziba na mayai hufa. Ukilielewa hilo, unaona kwa nini mtaalamu wa samaki katika idara ya misitu hutumia muda mwingi kushughulikia barabara, makalvati, kingo za mito na miti ya kivuli kuliko kushika wavu. Hata kiasi cha maji kijitoni ni uamuzi wa watu, kwa kuwa Taylor Creek hutoka katika Ziwa Fallen Leaf, na kwenye kutokea kwake kuna bwawa dogo linalodhibiti maji yanayoshuka.

Maamuzi hayo hayakosi ubishi. Mabwawa ya biva, wanyama wanaoziba vijito kwa miti na matope, yamewahi kubomolewa kijitoni ili kokanee wapite, ilhali mabwawa hayo huhifadhi ardhi oevu na kuchuja fosfori, kirutubisho kinachostawisha mwani, kabla haijafika ziwani. Kumbomolea mnyama wa nchi ili kumpisha samaki wa kuletwa ni jambo ambalo mimi nalitilia shaka. Kazi nyingine naiunga mkono bila kusita: katika kinamasi cha Taylor na Tallac, maturubai makubwa yalitandazwa chini ya maji ili kuyanyima mwanga magugumaji ya kigeni, na katika Ziwa Fallen Leaf trauti wa Lahontan amekuwa akirudishwa tangu 2002.

Nakipa chumba hiki nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano naizuia kwa sababu ya asili ya mahali penyewe: katikati ya kiangazi, bila kokanee, mgeni asiyejua la kutazama ataona trauti wachache wametulia mkondoni na kuondoka akidhani hakuna kitu. Msimu ni mfupi na kituo hufungwa majira ya baridi, kwa hiyo hakikisha kwanza kwamba kiko wazi. Nenda asubuhi, kabla maegesho hayajajaa na watoto wa shule hawajafika kwenye kioo, vaa nguo nzito kwa kuwa Tahoe iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na ukikuta dubu anakula samaki kijitoni, mwachie njia. Ukitoka chumbani, panda hadi Ziwa Fallen Leaf. Ni karibu, na huko ndiko juhudi za kumrudisha trauti mwenyeji zinakofanyika.